Kituo chetu cha sekondari kwa njia mbadala hakimo kwenye hesabu za kata: naomba tujadili

MwalimuWaJioni

Wanajukwaa wenzangu, hasa mlio Mbeya, Songwe, Iringa na Njombe, naomba muda wenu. Nafundisha Kiswahili na Uraia katika kituo cha elimu ya sekondari kwa njia mbadala, yaani cha walioacha shule na wanaosoma nje ya mfumo rasmi, kilichopo pembezoni mwa jiji la Mbeya, na huu ni mwaka wangu wa sita. Sitakitaja kituo wala kata, kwa sababu ninachokieleza nimekikuta pia kwa wenzangu wanaofundisha kwingine, na sipendi mtu yeyote aonekane ameshitakiwa hapa.

Kituo hakina jengo. Tunaazima madarasa mawili ya shule ya msingi baada ya watoto kutoka, kuanzia saa kumi jioni hadi saa mbili usiku. Ili tuelewane, nieleze jioni ya juzi ilivyokuwa. Madawati yaliyopo ni ya darasa la pili. Kijana wa miaka ishirini na mmoja, ambaye tangu alfajiri alikuwa akipakia magunia ya viazi sokoni Uyole, hukaa upande upande, magoti yakiwa nje kwenye njia na daftari likiwa pajani, maana kalamu yake ikifika kwenye dawati mgongo unakuwa umepinda kama wa mtu anayepalilia. Ubao ulikuwa umeandikwa hesabu za watoto za kesho yake, na pembeni mwalimu wao ameandika kwa herufi kubwa USIFUTE, kwa hiyo nilibakiwa na theluthi moja ya kuandikia. Simlaumu mwalimu huyo. Hilo ni darasa lake, sisi ni wageni. Taa pia hazibaki darasani. Nakuja na balbu mbili mfukoni, aliye mrefu kuliko wote anapanda juu ya dawati kuzifunga, na tukimaliza anapanda tena kuzifungua. Umeme wa LUKU tunachangishana.

Nyuma ya darasa huwa pametandikwa khanga juu ya sakafu, na juzi walilala hapo watoto wawili. Mama zao ni wanafunzi wangu. Anayeijua baridi ya Mbeya ya mwezi wa sita na wa saba, na anayejua kwamba dirisha lililo karibu nao limezibwa kwa kiroba cha mbolea badala ya kioo, ataelewa kwa nini mmoja wa mama hao aliacha kiti chake, akaenda kukaa sakafuni na kuandika akiwa amempakata mwanawe. Vyoo vya shule hufungwa kwa kufuli saa kumi na moja. Wasichana huomba msaada kwenye nyumba za jirani, na mvua ikinyesha usiku wengine huona ni afadhali kutokuja kabisa.

Baadhi yenu mtauliza ni nani hawa wanaosoma jioni. Ni vijana wa mikoa yetu hii tunaowafahamu vizuri. Wapo waliokwenda machimbo ya dhahabu upande wa Makongolosi wakiwa kidato cha kwanza. Wapo mabinti waliochukuliwa kutoka vijiji vya Njombe na Iringa wakiwa na miaka kumi na mitatu au kumi na minne kwenda Dar es Salaam kufanya kazi za ndani, jambo ambalo katika mikoa yetu limezoeleka mno kiasi kwamba watu hawashtuki tena. Wapo yatima. Tusisahau kwamba utafiti wa taifa wa viashiria vya UKIMWI wa mwaka 2016/17 ulikuta maambukizi miongoni mwa watu wazima ni asilimia 11.4 Njombe, 11.3 Iringa na 9.3 hapa Mbeya, wakati wastani wa nchi nzima ulikuwa chini ya asilimia 5. Nyuma ya kila tarakimu hiyo kuna kaya ambamo mtoto mkubwa aliacha shule ili wadogo zake wale. Na wapo wasichana waliopata ujauzito zamani, wakati kanuni zilikuwa zikiwaondoa shuleni moja kwa moja.

Ni kweli kwamba Novemba 2021 Serikali ilifungua mlango, na Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka huo ukaruhusu walioacha shule kwa sababu mbalimbali, ukiwamo ujauzito, warejee katika mfumo rasmi. Hata hivyo mlango huo umewekewa ukomo wa miaka miwili. Binti aliyeacha shule mwaka 2016 na sasa ana mtoto wa miaka minane hana pa kupita isipokuwa njia yetu, ambayo humpitisha katika mtihani wa maarifa wa Baraza la Mitihani, ule unaoitwa QT, kisha mtihani wa kidato cha nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Cheti anachokipata kinatoka Baraza lile lile na mtihani ni ule ule.

Kinachoniumiza ni hesabu. Mwanafunzi wa sekondari ya kutwa anahesabiwa: jina lake linapanda kutoka shuleni hadi halmashauri na wizarani, na kwa jina hilo inashuka ruzuku ya uendeshaji ya shilingi 25,000 kwa mwaka na fidia ya ada ya shilingi 20,000 tangu elimu bila ada ilipoanza Januari 2016. Mwanafunzi wangu jina lake linaishia kwenye daftari langu la mahudhurio. Nimehudhuria vikao viwili vya kata ambavyo taarifa ya elimu ilisomwa kuanzia awali hadi kidato cha nne, matundu ya vyoo yakatajwa, madawati yakatajwa, na kituo chenye wanafunzi sitini na watatu hakikutajwa hata kwa sentensi moja. Hakuna aliyetuchukia. Fomu iliyojazwa haina mstari wetu, na kitu kisicho na mstari hakipangiwi fedha.

Tunachohitaji si kikubwa: vyumba viwili vyenye viti na meza za watu wazima, taa zinazokaa mahali pake, choo kinachofunguka usiku, na chumba kimoja cha watoto chenye godoro na mlezi. Naomba maoni yenu, hasa mlio na uzoefu wa mambo ya kata na halmashauri.

---

MzaziWaIsyesye

Mwalimu, shikamoo, na pole kwa kazi. Nimesoma maelezo yako yote na yamenigusa, lakini naomba niseme linalosemwa na wazazi wengi kimyakimya. Binti yangu yuko kidato cha pili katika shule ya kata, na darasa lake lina wanafunzi sabini na wanane. Mwaka jana sisi wazazi tulichangia viti, na bado wapo wanaokaa wawili kwenye kiti kimoja. Chumba cha maabara kipo, ila mabomba hayajaunganishwa. Mtoto huyu hajaacha shule, hajakosea popote, anaamka saa kumi na moja alfajiri. Je, ni haki fedha chache zilizopo zigawanywe kwa watu ambao baadhi yao walipata nafasi wakaiacha kwa hiari yao? Sisemi wasisome. Nasema anayeanza kuhudumiwa awe yule aliyepo darasani leo.

---

FundiCherehaniKabwe

Kaka MzaziWaIsyesye, habari za jioni. Naomba nikujibu kwa heshima, kwa kuwa mimi ni mmoja wa hao unaosema waliacha kwa hiari.

Nilizaliwa Wanging'ombe. Baba alifariki nikiwa darasa la sita na mama akafuata mwaka uliofuata. Nilifaulu kwenda sekondari, nikasoma muhula mmoja, kisha shangazi akaja na mama mmoja kutoka Dar es Salaam, wakazungumza na bibi, na Jumapili yake nikapandishwa basi pale Makambako. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Sikuulizwa. Nilipata mtoto nikiwa na kumi na saba na nikarudishwa, safari hii Mbeya kwa dada yangu. Ukiniuliza ni wapi hapo nilipoiacha shule kwa hiari yangu, nitashindwa kukuonyesha.

Nilisoma kituo kama hiki anachokieleza Mwalimu, si hicho, kingine. Mtihani wa maarifa nilishindwa mara ya kwanza. Wengi hudhani waliofeli walikuwa wazembe, kwa hiyo nieleze nilifelije. Mwanangu alikuwa na miezi minane, alikuwa anaota meno, na mwaka ule mzima sikumbuki kipindi cha Hisabati nilichokisikia kuanzia mwanzo hadi mwisho. Akilia, wote wanageuka. Unatoka naye nje gizani, unambembeleza chini ya mti, unasikia sauti ya mwalimu kupitia dirishani lakini ubao huuoni. Ukirudi, mfano umeshafutwa. Mwaka wa pili dada yangu alikubali kumshika mtoto jioni, nami kwa malipo nikawa namfulia nguo za nyumba nzima kila Jumamosi. Nikafaulu. Akili ilikuwa ile ile ya mwaka wa kwanza. Tofauti ilikuwa kwamba mikono yangu yote miwili ilikuwa huru.

Baadaye nilipata cheti cha kidato cha nne, nikaenda kujifunza ushonaji, na sasa nina vyerehani vitatu hapa Kabwe. Nawashonea sare watoto wa shule. Huenda hata sketi ya binti yako ilipita mikononi mwangu. Chumba cha watoto anachokiomba Mwalimu kwako kinaweza kuonekana ni anasa, ila kwa mimi kingeokoa mwaka mzima.

---

MkaziWaIlula

Salaam kutoka Kilolo. Nachangia kidogo tu kuhusu hicho chumba cha watoto, kwa sababu si wazo geni nchini. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, ambavyo viko 54 na vilianza miaka ya 1970 kwa ushirikiano na Sweden, vimekuwa vikipokea mabinti walioacha shule kupitia programu ya Elimu Haina Mwisho, wakisoma sekondari pamoja na stadi kama ushonaji, kilimo au upishi, na suala la malezi ya watoto wao liliwekwa ndani ya mpango tangu mwanzo, kwa kutambua kwamba ukimpokea mama bila mwanawe umempokea nusu. Hapa Ilula tunacho chuo cha aina hiyo, na hapo Mbeya kipo Nzovwe. Je, Mwalimu, hamwezi kuwapeleka wanafunzi wenu huko?

---

MwalimuWaJioni

Asante sana MkaziWaIlula. Wawili wa kwangu wamekwenda Nzovwe na nilifurahi. Waliobaki wanashindwa kwa sababu ya muda. Anayeuza ndizi na parachichi mchana hawezi kuwa chuoni saa nne asubuhi, na asipouza siku hiyo hakuna unga. Vilevile wavulana wa machimbo hawakubali kulala bwenini wakati nyumbani wanategemewa. Wanahitaji kitu kilicho karibu, cha jioni, wanachoweza kukifikia kwa miguu au kwa bajaji ya nauli ndogo.

Dada FundiCherehaniKabwe, nimesoma maelezo yako mara mbili. Nitaomba ruhusa yako kuwasomea wanafunzi wangu kesho.

---

FundiCherehaniKabwe

Wasomee, Mwalimu. Na Jumatano nafunga saa tisa, naweza kuja mwenyewe.

---

MtendajiMstaafu

Ndugu zangu, nimekuwa mtendaji wa kata kwa zaidi ya miaka ishirini katika wilaya mbili za Nyanda za Juu Kusini, na mada hii inanihusu kwa sababu nakiri kwamba katika muda wote huo sikuwahi kuandika kituo cha aina hii kwenye mpango wa kata hata mara moja, ingawa kimoja kilikuwa hatua mia mbili kutoka ofisini kwangu. Sikukataa kukiandika, hakuna aliyekileta mezani, nami sikutoka kukitafuta. Mwalimu amesema kweli kuhusu ule mstari.

Sasa nieleze njia, maana wengi huanzia kwa mbunge au kwenye vyombo vya habari, na kwa uzoefu wangu huko huishia kwenye ahadi. Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza 1 Julai, lakini bajeti inayoanza Julai hupikwa miezi mingi kabla yake, kuanzia kwenye vikao vya mitaa na vijiji, vipaumbele vikipanda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani na katibu wake ni mtendaji, ndipo vifike halmashauri. Ombi likiletwa mwezi wa nne huwa limekwisha kuchelewa, hata liwe zuri kiasi gani. Kwa hiyo jambo la kwanza ni orodha. Usilete hadithi peke yake, Mwalimu, ijapokuwa hadithi yako ni nzito. Leta daftari linaloonyesha wanafunzi wangapi wanatoka mtaa upi, wana umri gani, wana watoto wangapi wa chini ya miaka mitano, na waliacha shule katika darasa gani. Mwenyekiti wa mtaa akiona vijana kumi na wawili ni wa mtaa wake, atasimama kuwatetea kwenye mkutano, kwa sababu wazazi wao ndio wapiga kura wake.

Pili, halmashauri ina Afisa Elimu ya Watu Wazima. Watu wengi hawajui kwamba cheo hicho kipo. Ofisi yake mara nyingi ina gari bovu na fungu dogo, lakini ndiye mwenye wajibu wa kubeba takwimu zenu, pamoja na mkufunzi wa mkoa wa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Taasisi hiyo ilianzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1975, kwa hiyo hamuombi fadhila kwa mtu. Mnadai huduma kwenye chombo ambacho nchi ilikiunda kwa kazi hiyo hiyo. Sera ya elimu, toleo la 2023, nayo imeweka elimu ya lazima kuwa miaka kumi. Kijana wa Makongolosi aliyeishia mwaka wa nane hajamaliza hiyo kumi.

Tatu, na hapa namjibu MzaziWaIsyesye, ambaye hoja yake naiheshimu. Kwa nini tujenge viwili tofauti? Vyumba vipya vijengwe kwenye eneo la sekondari ya kata badala ya kituo kuendelea kubanana kwenye shule ya msingi. Asubuhi wasome wanafunzi wa kutwa, jioni waingie wa njia mbadala. Viti na meza vitakuwa vya kimo kinachowafaa wote, maabara ikikamilishwa itatumika mara mbili kwa siku, na darasa la wanafunzi sabini na wanane linagawanyika. Kinachoongezeka kwa ajili ya jioni ni taa, mlinzi, choo na hicho chumba cha watoto. Tuliona mwaka 2021 nchi ikijenga madarasa 15,000 kwa fedha za UVIKO-19 katika miezi michache, 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi (zile ndogo zinazowasogezea masomo watoto walio mbali na shule mama), na kata zilizopata haraka zilikuwa zile ambazo eneo lilikuwa limeshapimwa na takwimu ziko tayari. Na kwa jadi yetu huku, wananchi wakiinua boma hadi lenta, ni vigumu sana halmashauri kuliacha lisimame bila bati.

---

MzaziWaIsyesye

Mzee MtendajiMstaafu, shikamoo. Dada fundi, samahani kwa neno lile la hiari. Nililisema bila kujua.

Bado nina mashaka mawili. La kwanza ni usalama. Shuleni kwetu viti vimeibiwa usiku mara mbili, na wazazi watauliza ni nani atawajibika ikiwa madarasa yatakuwa wazi hadi saa mbili. La pili ni mkuu wa shule: tayari anabeba mzigo mkubwa, na mkimwongezea kituo juu yake bila kumpa mtu, atakubali kwenye kikao kisha kufuli litabaki pale pale. Nikiridhika na hayo mawili, siwezi kupinga chumba ambacho binti yangu atakitumia asubuhi.

---

MwalimuWaJioni

Hoja zako ni za kweli, na ile ya kufuli naijua kuliko mtu yeyote hapa. Kuhusu wizi, nimejifunza kwamba jengo lenye watu na taa hadi saa mbili linaibiwa kidogo kuliko lililo giza tangu saa kumi na mbili. Shule tunayoiazima sasa haijaibiwa tangu tuanze kuitumia, ingawa sitaki kudai kwamba sababu ni sisi peke yetu. Hata hivyo mlinzi lazima awepo na alipwe, na makabidhiano ya funguo na viti yaandikwe kwenye kitabu kila jioni, yakisainiwa na pande zote mbili. Kuhusu mkuu wa shule, nakubali kwamba kituo kiwe na msimamizi wake anayejibu kwa Afisa Elimu ya Watu Wazima, ili mkuu asigeuzwe kuwa mlezi wa shule mbili kwa mshahara mmoja. Mimi naweza kuanza bila malipo kwa mwaka mmoja, lakini baada ya hapo awe mtu mwenye barua ya kazi, kwa sababu jambo linalosimama juu ya kujitolea kwa mtu mmoja huanguka siku akiugua.

Mzee MtendajiMstaafu, nashukuru kwa mwongozo na zaidi kwa ukweli wako. Jana usiku nilianza daftari kama ulivyoelekeza. Kati ya wanafunzi sitini na watatu, wasichana ni arobaini na mmoja, na kumi na tisa kati yao wana watoto wa chini ya miaka mitano. Jumla ya watoto hao ni ishirini na wawili. Nimefundisha hapo miaka sita na sikuwa nimewahi kuwahesabu. Nilikuwa naona tu khanga nyuma ya darasa. Mtaa unaoongoza una vijana kumi na saba, na mwenyekiti wake ameniambia mkutano wa mtaa ni Jumamosi ya wiki ijayo, saa nne asubuhi, uwanja wa ofisi. Nimeomba dakika kumi kwenye ajenda na nimepewa tano.

Aliye jirani na anayeweza kufika naomba aniandikie kwenye ujumbe wa faragha, nimweleze mahali. Nitarudi hapa Jumapili kueleza kilichojiri.

---

MtendajiMstaafu

Dakika tano zinatosha. Anza na hao ishirini na wawili. Na nakala ya daftari mpe katibu mkononi kabla ya mkutano kufunguliwa, aibandike kwenye muhtasari.